Kifo cha Chitambo na Ushuhuda wa Walioona

Waswahili husema kusikia si kuona, na mabaraza yetu huamua kwa neno hilo. Asemaye "nimesikia" hutazamwa kando. Asemaye "naliona kwa macho yangu" hupewa mkeka akae, na watu hunyamaza. Hatuna neno la kuipinga desturi hiyo. Lakini mwenye kutafuta habari za kale hapewi jicho, hupewa karatasi. Kati ya jicho na karatasi pana ulimi wa aliyeona, pana sikio la aliyemwuliza, pana mkono wa aliyeandika, na mara nyingi pana lugha mbili zisizolingana. Basi tumeona vema kulipima jambo hili kwa habari moja ijulikanayo sana, nayo ni kifo cha David Livingstone katika mji wa Chitambo, nchi ya Ilala, ambayo leo imo katika Zambia, mwaka 1873. Tumeichagua kwa kuwa walioshuhudia walikuwa watu wa pande zetu, wenye kusema Kiswahili, na kwa kuwa wasomaji wengi huipokea kama kitu kimoja kisichogawanyika, ama kuaminiwa chote ama kukataliwa chote. Sisi twaona yagawanyika.

Livingstone aliandika kwa mkono wake mara ya mwisho tarehe 27 Aprili 1873, maneno machache ya mtu aliyechoka kabisa. Baada ya siku hiyo hakuna herufi yake tena. Yote tujuayo ya kuchukuliwa kwake kwa machela, ya kibanda alichojengewa, ya usiku wake wa mwisho na ya asubuhi iliyofuata, twayajua kwa vinywa vya watu wake.

Wasema hivi. Chitambo mwenyewe alikuja kumwamkia mgonjwa, akaombwa arudi siku ya pili, kwa kuwa mgonjwa hakuwa na nguvu za kuzungumza. Usiku ukaingia. Karibu na saa tano Susi aliitwa ndani. Kelele zilisikika mbali, naye Bwana akauliza kama ni watu wake wapigao kelele. Susi akamjibu kuwa ni wenyeji wanafukuza nyati mashambani mwao. Baadaye akaitwa tena, akachemsha maji, akamletea sanduku la dawa, akamshikia mshumaa karibu, maana macho ya mgonjwa yalikuwa hayaoni vizuri. Kisha akaruhusiwa kwenda. Kijana Majwara ndiye aliyebaki kulala mlangoni. Yapata saa kumi za usiku Majwara alimjia Susi kwa hofu, akisema hajui kama Bwana yu hai. Susi akamwamsha Chuma, na Chowpere, na Matthew, na Muanyasere, wakaenda wote sita. Mshumaa ulikuwa umebandikwa kwa nta yake juu ya sanduku, nao ulikuwa ukiwaka. Bwana hakuwako kitandani. Alikuwa amepiga magoti kando yake, mwili umeelekea mbele, uso umo katika viganja vya mikono juu ya mto. Wakatazama kama avuta pumzi. Mmoja akamgusa shavu, akalikuta baridi.

Hapa yatupasa tusimame kidogo, kwa kuwa hapa ndipo picha zilizochorwa baadaye zilipotuharakisha. Ni nani aliyemwona Livingstone akifa? Hakuna. Majwara mwenyewe alikiri kuwa alilala usingizi, asijue alilala kitambo gani. Watu sita walishuhudia maiti, si kifo. Tena ni nani aliyemsikia akisali? Hakuna vile vile. Waliona magoti, mikono, mto na mshumaa. Sala ilikuja baada ya macho. Ni maana iliyotolewa katika yale yaliyoonwa. Yaweza kuwa maana ya kweli, kwani walimjua Bwana wao kuwa ni mtu wa sala. Lakini mtu mwenye maumivu makali ya tumbo naye hujikunja, hutafuta kuegemea, na pengine hupata nafuu akipiga magoti.

Na lugha yetu ina sehemu yake katika jambo hili. Kiswahili husema "kupiga magoti" kwa mtu aliyekaa kwa magoti yake, na kwa mtu aombaye, neno ni hilo hilo. Mtumwa aombaye radhi hupiga magoti. Mwenye kuabudu hupiga magoti. Mwenye kutafuta kitu chini ya kitanda, yeye mara nyingi husemwa "ameinama". Basi shahidi asemaye kwa Kiswahili "twalimkuta amepiga magoti" amekwisha kutupa zaidi ya mkao wa mwili, bila kukusudia kuongeza neno. Kitabu kilichotuletea habari hii kimeandika sehemu hiyo kwa Kiingereza tu. Aliyeitia katika Kiingereza alikuwa padre, naye alisikia alichokuwa tayari kukisikia. Hatumlaumu, ndivyo tulivyo sote.

Padre huyo ni Horace Waller, aliyekitengeneza kitabu cha safari za mwisho za Livingstone, kilichotoka London mwaka 1874. Jinsi alivyowapata mashahidi wake ni jambo la kusikitisha kidogo. Walioibeba maiti kutoka Ilala hata Bagamoyo, mwendo wa miezi tisa kwa miguu, walifika pwani mwezi wa Februari 1874. Huko wengi walilipwa mishahara yao wakaachwa. Aliyekwenda Ulaya pamoja na sanduku la maiti alikuwa Jacob Wainwright peke yake, Myao aliyeokolewa utumwani na kusomeshwa Nasik katika Bara Hindi. Naye akawa miongoni mwa walioshika jeneza siku ya mazishi, tarehe 18 Aprili 1874, katika Westminster Abbey. Susi na Chuma, waliokuwa wakuu wa msafara, hawakuwako. Walikwenda Uingereza baadaye, kwa fedha za James Young, rafiki wa marehemu, mazishi yakiwa yamekwisha. Ndipo Waller alipokaa nao akawauliza neno kwa neno. Chuma alimjua Waller tangu utotoni, kwa kuwa aliokolewa mikononi mwa wachuuzi wa watumwa mwaka 1861 katika nchi ya mto Shire, na Waller alikuwa mmoja wa wamisheni wa huko. Kwa hiyo hawakuwa wageni mbele ya mwulizaji. Lakini mtu aulizwaye na mzee aliyemlea, katika nchi ya ugeni, juu ya bwana ambaye taifa zima limekwisha kumlilia, hana nafasi kubwa ya kusema "sijui". Mwanahistoria Dorothy Helly, katika kitabu chake cha mwaka 1987, ameonyesha kwa urefu jinsi Waller alivyochagua na kupunguza ili Livingstone atoke katika kurasa zile kama alivyotaka aonekane, yaani adui wa biashara ya watumwa na mtu mtakatifu.

Pamoja na hayo, sauti ya mashahidi haikuzimwa yote. Pana mahali katika kitabu kile ambapo Kiswahili kimeachwa kama kilivyotamkwa: mgonjwa auliza ni siku ngapi kufika Luapula, na Susi ajibu kuwa adhani ni siku tatu. Neno "dhani" limeandikwa "zani", na "siku" ya jibu limeandikwa kwa z mwanzoni. Mwandishi mwenye kutunga kwa kamusi hawezi kukosea hivyo. Hukosea hivyo mwenye kuandika kwa sikio, akifuata kinywa kilicho mbele yake. Twaamini kuwa maneno yale mawili matatu ni ya Susi hasa. Tena yana dalili nyingine ya kweli, nayo ni kuwa hayana faida kwa mtu. Hayamtukuzi Livingstone wala hayamfundishi msomaji. Ni mgonjwa aulizaye njia.

Dalili ya namna hiyo hiyo ipo katika mambo ya mikono. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Unguja, alimpasua marehemu ili wamtoe matumbo, nao wakaona upande wa kushoto bonge la damu, wakalipima kwa kulinganisha na mkono wa mtu. Wakauzika moyo na matumbo katika kopo la bati chini ya mti. Wakautia mwili chumvi, wakaukausha juani siku 14. Wakaufunga kwa nguo, wakautia ndani ya gome la mti, na juu yake kitambaa cha tanga kilichopakwa lami. Susi na Chuma walipokuwa Newstead, nyumbani kwa rafiki wa Livingstone, walijenga kwa mikono yao mfano wa kile kibanda alichofia. Mtu aweza kusahau siku na kuchanganya maneno, lakini aliyejenga kibanda usiku na kukibomoa asubuhi kwa miaka mingi, mikono yake hukumbuka mlango ulipokuwa.

Sasa tuje kwenye tarehe, ambayo ndiyo mahali dhaifu. Jiwe la kaburi katika Westminster lasema alikufa tarehe 1 Mei 1873. Mti wa Chitambo ulisema vingine. Jacob Wainwright, kwa kuwa ndiye aliyejua zaidi kuandika, alisoma sala za maziko, kisha akachora kwenye mti jina la Livingstone, na tarehe, na majina ya baadhi ya wakuu wa msafara. Msafiri E. J. Glave aliuona mti huo mwaka 1894 akayanakili maandishi; mwaka 1899 kipande chenye maandishi kilikatwa na baadaye kikapelekwa London. Tarehe iliyochorwa ni 4 Mei.

Kwa sheria ya kawaida ya ushahidi, maandishi yaliyofanywa mahali penyewe, na mtu aliyekuwapo, mara baada ya jambo kutukia, hushinda maneno yaliyosemwa mwaka mmoja baadaye katika nchi ya mbali. Hata hivyo ulimwengu umeshika hesabu ya kitabu, si ya mti. Twakiri kuwa hesabu ya kitabu inashikana vizuri: maandishi ya mwisho tarehe 27, kuvuka mto, kufika kwa Chitambo tarehe 29, Chitambo kuja tarehe 30, na kifo kabla ya mapambazuko. Lakini ni hesabu iliyopangwa mezani, kwa kuanza na tarehe ya Livingstone mwenyewe, naye Livingstone alikuwa amewahi kupotewa na siku. Habari ya kukutana kwake na Stanley huko Ujiji mwaka 1871 yatosha kutuonya. Stanley aliandika kuwa ilikuwa tarehe 10 Novemba. Kitabu cha Livingstone chaiweka mwishoni mwa Oktoba. Wote wawili walikuwako, wote wawili waliandika, wote wawili walikuwa wamepatwa na homa njiani. Tena maneno ya salamu ambayo Stanley aliyatangaza hata yakawa mzaha wa dunia nzima hayaonekani katika maandishi ya Livingstone, na ukurasa wa daftari ya Stanley uliopasa kuyachukua umeng'olewa.

Na msomaji wa Kiswahili ataona jambo ambalo wengine hawalioni. Sisi twahesabu siku tangu magharibi. Usiku ule Susi alioitwa saa tano ulikuwa kwa Waingereza bado Jumatano, tarehe 30 Aprili. Kwa Susi ulikuwa usiku wa Alhamisi. Mwulizaji asiyeangalia aweza kupoteza siku nzima kwa kutafsiri neno moja "usiku". Hili halielezi tofauti ya siku tatu, lakini laonyesha jinsi kosa liwezavyo kuingia bila mtu kusema uwongo.

Tumetaja uwongo, nao hatuna budi kuutaja, kwa kuwa watu hawa walidanganya mara mbili, na wao wenyewe ndio waliosimulia. Kwanza, walimficha Chitambo habari ya kifo. Waliogopa, kwa desturi za nchi nyingi walizopita, kwamba mgeni akifa kwa mwenye mji, wenzake hutozwa mali. Wakaomba ruhusa ya kujenga mahali pao peke yao nje ya mji. Lakini Chitambo alikwisha kupata habari. Alimwuliza Chuma kwa upole kwa nini hawakumwambia kweli, akaagiza maombolezo yafanywe kama ilivyo desturi kwa mtu mkubwa, akaja na watu wake. Pili, walipokuwa njiani kati ya Unyanyembe na pwani, waliona kuwa wenye miji hawatakubali maiti ipite. Basi wakafunga mabua ya mtama kama maiti, wakawatuma watu wayarudishe nyuma mbele ya macho ya wenyeji, na maiti yenyewe wakaifunga upya kama mtumba wa nguo, ikapita kwenye mabega ya wapagazi pamoja na mitumba mingine.

Mtu mkali angesema kuwa waliojua kutengeneza maiti ya mabua wangejua pia kutengeneza magoti na mshumaa. Sisi twaona kinyume. Mwongo hufunika hila zake. Hawa walizifunua bila kuulizwa na mwenye kuzijua, maana hakuna mtu London ambaye angeweza kuzivumbua. Tena hila zile zilikuwa na haja iliyo wazi, nayo ni kuifikisha maiti. Hata Luteni Cameron, waliyemkuta Unyanyembe, alipowashauri wamzike papo hapo, walikataa. Magoti hayakuwa na haja kama hiyo. Watu wanaokwenda kuomba malipo yao hawahitaji bwana wao awe amekufa kwa magoti.

Walisadikiwaje, basi? Si kwa maneno yao. Sanduku lilipofika London palikuwa na watu waliotilia shaka kama maiti ile ni ya Livingstone. Tarehe 15 Aprili 1874 Sir William Fergusson aliikagua. Uso haukutambulika. Akautafuta mfupa wa mkono wa kushoto juu ya kiwiko, akaukuta umevunjika zamani na kuunganika vibaya, kama alivyojua tangu alipomtazama Livingstone akiwa hai. Mfupa huo ulivunjwa na simba Mabotsa, kusini mwa Afrika, mwaka 1844. Kwa hiyo ushuhuda wa watu zaidi ya sitini waliotembea miezi tisa ulithibitishwa na meno ya mnyama aliyekufa miaka thelathini kabla. Twaliona jambo hili kuwa la haki kwa upande mmoja na la aibu kwa upande mwingine. Hata hivyo mfupa wathibitisha mtu tu. Juu ya usiku ule hausemi neno.

Wako wasemao kuwa shida yote hii yatokana na mashahidi kuwa watu wa kusema, si wa kuandika. Tuwajibu kwa habari ya Livingstone mwenyewe. Tarehe 15 Julai 1871 alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, akawaona watu wa Dugumbe wakifyatua bunduki sokoni juu ya wanawake waliokuja kuuza na kununua. Waarabu wenyewe walikisia waliokufa kuwa 330 hata 400. Hakuwa na karatasi wala wino. Aliandika juu ya kurasa za gazeti la zamani, kwa maji ya matunda ya mwituni, na baadaye akayanakili katika daftari kubwa. Habari hiyo ilipofika Uingereza mwaka 1872 iliwasha hasira ya watu juu ya biashara ya watumwa, nayo ni mojawapo ya mambo yaliyotangulia mapatano ya Sultani Barghash ya tarehe 5 Juni 1873, yaliyofunga soko la Unguja. Kurasa za gazeti zilififia hata zisisomeke. Mwaka 2011 wataalamu wakiongozwa na Adrian Wisnicki walizitoa tena, kwa kuzipiga picha kwa nuru za namna namna, wakazilinganisha na daftari. Havilingani kila mahali. Yaliyohusu ubaya wa watu wake mwenyewe, wale waliotumwa kwake kutoka Unguja, yamebadilika au yamepunguzwa katika kunakili. Jicho ni lile lile, mkono ni ule ule, na kati ya gazeti na daftari hapakuwa na mkalimani wala padre. Mauaji yenyewe hayana shaka. Mpaka wa nani aliyekuwa na hatia ndio uliosogezwa.

Tukirudi kwa Chitambo, twasema hivi. Kwamba aliondoka kitandani na kwamba mshumaa ulikuwa ukiwaka, twalipokea, kwa kuwa waliliona wengi pamoja, na Susi ndiye aliyeushika mshumaa huo usiku ule ule. Magoti twayapokea pia, ingawa tungefurahi kuyasikia kwa Kiswahili. Sala twaiacha kwa waliomjua, iwe maoni yao na heshima yao kwake, wala tusiihesabu kuwa ushuhuda. Habari ya Jacob, iliyochapwa kwa Kijerumani mwaka 1874 na ambayo maandishi yake ya Kiingereza yalitolewa kwa wasomaji mwaka 2019, yastahili kuwekwa kando ya kitabu cha Waller na kusomwa nacho, wala si chini yake. Simulizi za Matthew Wellington, mmoja wa vijana wa Nasik waliokuwamo katika msafara ule, aliyekufa Mombasa mwaka 1935, zina uzuri wake, lakini alizisimulia akiwa mzee sana, baada ya picha za magoti kutundikwa katika nyumba nyingi za misheni. Asomaye akumbuke hilo.

Susi alibatizwa Unguja mwaka 1886, akaitwa David, akafa huko mwaka 1891. Chuma alimtangulia mwaka 1882. Jacob alikufa Urambo mwaka 1892. Kipande cha mti kimo London katika nyumba ya Royal Geographical Society, na jiwe limo Westminster, kati yao mwendo usiofika saa moja kwa miguu. Kimoja chasema tarehe 4 Mei, kingine tarehe 1.